Vipande Pacha: Mchezo wa Watoto Usioharibika Upesi

Katika nyumba nyingi mtoto hupewa kitu cha kuchezea asubuhi, na ikifika jioni kimekwisha haribika. Kadi zilizokatwa kwa makasi kutoka katika boksi la sabuni hudumu siku mbili au tatu tu: moja imetafunwa, ya pili imemwagikiwa chai, ya tatu imechukuliwa na mbwa. Baba hukasirika, mama huokota masalio akayatia motoni, na mchezo ukawa umekwisha. Lakini kosa si la mtoto. Mtoto wa miaka minne hujifunza kwa kushika, kugonga na kutia kinywani, na kitu kisichoweza kustahimili mambo hayo hakikufanywa kwa ajili yake.

Mchezo wenyewe ni mwepesi. Vipande hufanywa viwili viwili, kila kimoja na pacha wake. Huchanganywa, kisha mtoto hutafuta vilivyo sawa. Aliye mdogo huwekewa jozi nne zikiwa wazi mbele yake. Aliyezoea hugeuziwa vipande kifudifudi, akafunua kimoja, akafunua cha pili. Vikifanana huvitwaa, visipofanana huvirudisha palepale na kujitahidi kukumbuka mahali vilipo. Mtu mzima asidhani kuwa atashinda kwa urahisi, maana mara nyingi hushindwa, na mtoto hufurahi mno.

Wala si jambo la jana. Huko Japani tangu zamani za kale watu wakubwa walicheza kwa makombe, kwa sababu nusu moja ya kombe haishikani sawasawa na nyingine yoyote ila mwenziwe. Maria Montessori, daktari wa Kiitalia aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka wa 1907, alitumia vibao vya rangi vya kulinganishwa, na vyombo vya kutikiswa ambavyo mtoto alivitafutia pacha kwa masikio tu.

Kwa mkulima wa Kenya, kitu kifaacho kuliko vyote ni ubao. Masalio ya saiprasi au mgrivea hutupwa kila siku katika karakana za maseremala, na fundi mwenye moyo mwema huyatoa bure. Ubao uwe na unene wa nusu inchi, ukatwe vipande vya mraba vya inchi mbili na nusu. Hapana budi vyote vitoke katika ubao mmoja, na migongo yote ifanane. Watoto ni wajanja: kipande kikiwa na fundo la mti mgongoni, hawatakumbuka tena picha, watakumbuka fundo. Kisha kila pembe isuguliwe kwa msasa, kwanza ulio mkali, halafu ulio laini, hata kidole kisikwaruzwe popote.

Picha zikichorwa kwa kalamu hufutika. Iliyo bora ni kuchoma picha kwa waya au msumari uliopashwa moto na kushikwa kwa koleo, jinsi watu wanavyotia nakshi katika vibuyu. Alama hiyo huingia ndani ya mti na haitoki kwa maji wala kwa mate. Mchoraji asiwe na hofu. Jembe, chungu, jogoo, mwezi mchanga na jani la mgomba huchoreka kwa mistari michache. Kazi hii ni ya mtu mzima, na watoto wakae mbali nayo.

Mwisho ubao hupakwa nta ya nyuki. Nta huyeyushwa katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, wala si juu ya moto wenyewe, maana huweza kuwaka. Mafuta ya kupikia yasitumiwe, kwa kuwa huoza na kunuka. Na rangi iliyobaki tangu zamani katika kopo la stoo isiguswe kabisa: rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, nayo ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto.

Mchezo wa sauti hutaka makopo sita madogo yanayofanana. Mawili hutiwa mchanga, mawili changarawe, mawili misumari mifupi, kwa kipimo cha kijiko kimoja kila mara, kisha vifuniko hugandishwa na kufungwa kwa waya, ncha zake zikikunjwa zisimchome mtoto. Wengine hutia maharagwe, nayo hulia vizuri sana mpaka fukusi waingie. Baada ya miezi michache kopo moja lina maharagwe na pacha wake ana unga. Mbegu za mbarika, na zile nyekundu zenye doa jeusi za mturituri, hupendeza macho lakini ni sumu kali, wala hazifai kuwamo katika chombo cha mtoto, hata kama kimefungwa.

Mzazi atazamaye mchezo huu kwa makini aweza kugundua jambo kubwa. Mtoto ambaye kila mara huchanganya nyekundu na kijani, huku maumbo akiyatambua upesi, huenda amezaliwa na macho yasiyotenga rangi hizo. Hali hiyo huwapata wavulana zaidi ya wasichana. Yule anayeinamisha kipande hadi puani huenda haoni vizuri. Na yule asiyeweza kutenga kopo la mchanga na la misumari, hasa ikiwa sikio lake limewahi kutoa usaha, apelekwe zahanati akapimwe. Watoto wengi wamechapwa kwa kuitwa wakaidi, kumbe hawakusikia walichoambiwa. Heri jambo hilo lijulikane nyumbani, juu ya mkeka, kabla mtoto hajaketi nyuma ya darasa akahesabiwa kuwa mjinga.

Penye mtoto wa chini ya miaka mitatu, kipande chochote chenye upana usiofika inchi moja na nusu kiwekwe mbali, kwa maana chaweza kumkaba koo. Vizibo vya soda, ambavyo wengi huvipenda kwa kuwa havina bei, ni vidogo mno kwake, tena hushika kutu na kukata.

Vipande vyote huwekwa katika mfuko wa marekani wenye kamba, na mtoto mwenyewe huvihesabu kila jioni anapovirudisha. Hata hivyo vitapotea. Kwa hiyo, siku ubao unapokatwa, fundi akate vipande vinne zaidi, avisugue na kuvipaka nta pamoja na vingine, avihifadhi bila picha. Jogoo akipotea, waya hupashwa moto, na jogoo mwingine huchomwa jioni ileile.