Ndoa moja na urithi wa Champagne

Twajua namna urithi wa ukubwa unavyoweza kugawanya ukoo. Katika inchi ya Champagne, upande wa mashariki ya Ufaransa, jambo hilo lilikuwa pia swali la sakramenti ya ndoa.

Konte Henri II aliondoka mwaka 1190 kwenda Vita vya Msalaba. Kwanza aliwaapisha wakubwa wa inchi: asiporudi, mdogo wake Thibaut atamrithi. Hakurudi. Mwaka 1192 alimwoa Isabelle, mrithi wa ufalme wa Yerusalemu. Akafa mjini Akko mwaka 1197, akiacha mabinti tu. Thibaut III naye akafa mwaka 1201. Mkewe, Blanche wa Navarre, alikuwa na mimba. Akazaa mwana, Thibaut IV, akatawala kwa jina lake.

Baadaye Philippa, binti wa Henri, akaolewa na Érard wa Brienne; wote wawili wakadai inchi. Upande wa Blanche ukajibu: Isabelle alikuwa ameolewa kwanza na Humphrey wa Toron. Ndoa ile ilihukumiwa mwaka 1190 kuwa si kitu, kwani Isabelle alitolewa akiwa wa miaka 11, pasipo kukubali mwenyewe. Je, hukumu ile ilikuwa ya haki? Kama sivyo, Humphrey, aliyekuwa angali hai mwaka 1192, ndiye mume wake. Na watoto wa Henri si wa ndoa halali. Basi inchi nzima ilitegemea neno «ndiyo» la msichana mmoja.

Mwaka 1216 baraza la mfalme Philippe Auguste lilimpa haki Blanche na mwanawe, bila kuamua neno la ndoa yenyewe. Mapapa Innocent III na Honorius III walisimama upande wake. Hata hivyo vita vikawaka, vijiji vikaumia, mpaka Érard na Philippa walipoacha madai yao na kupewa mali. Mwaka 1222 Thibaut akashika utawala. Dada wa Philippa, Alix, malkia wa Kipro, alitulizwa mwaka 1234 tu, kwa livre 40,000 na nyingine 2,000 kila mwaka. Ili kuzipata, Thibaut aliuza kwa mfalme Louis IX haki zake juu ya Blois, Chartres, Sancerre na Châteaudun.

Mjukuu wake Jeanne aliolewa mwaka 1284 na mwana wa mfalme wa Ufaransa. Hivyo Champagne ikaingia mikononi mwa wafalme.

Sisi tunaoandaa wachumba tushike hili: kuuliza kama bibi arusi anakubali kwa hiari si desturi tupu. Swali lisipoulizwa vema siku ya ndoa, watoto ndio watakaoulizwa kesho.