Asubuhi Moja kwa Wachongaji wa Wamunyu

Mtu ashikaye njia itokayo Machakos kwenda Kitui hupita Masii, na kisha hufika Wamunyu. Nchi ile ni kavu, na mvua zake si za kutegemewa. Jembe peke yake halitoshi kulisha nyumba. Lakini kabla mgeni hajamwona mchongaji hata mmoja, husikia tezo zikigonga mti, naye aweza kuifuata sauti hiyo mpaka kazini.

Asubuhi ndiyo saa njema ya kuwatembelea. Mafundi huketi kivulini, vibanzi vimewazunguka miguuni, wala hawaiachi kazi kwa sababu ya mgeni. Baada ya kusalimiana, mtu aweza kukaa kitako na kutazama gogo likigeuka kuwa twiga. Kwanza gogo hukatwa kwa msumeno. Kisha tezo hutoa umbo kubwa. Shingo na miguu huonekana kabla ya macho na masikio. Baadaye huja kisu, halafu tupa, halafu msasa, na mwisho kinyago hupakwa nta au rangi ya viatu mpaka king'are. Kipimo cha fundi ni jicho lake. Wako wachongao mnyama mmoja tu miaka mingi: huyu twiga, yule kifaru, mwingine swala.

Tangu zamani Wakamba walijua kuchonga viti, vijiko na fimbo za matumizi yao wenyewe. Biashara ya vinyago, lakini, hutajwa pamoja na jina la mtu mmoja wa Wamunyu, Mutisya Munge. Katika vita vya 1914 hata 1918 alikwenda katika nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika, na huko akajifunza kwa wachongaji wa nchi ile. Aliporudi kwao aliendelea kuchonga na kuuza, na jamaa na majirani wakajifunza kwake. Hivyo ufundi uliotoka vitani ukawa chakula cha watu wengi, ukasambaa mpaka Nairobi na Mombasa. Huko Mombasa wachongaji wa Kikamba walianzisha chama chao cha ushirika mwaka 1963.

Jambo liwasumbualo mafundi ni mti wenyewe. Miti waliyoipenda tangu mwanzo ni mpingo na muhugu, kwa kuwa ni migumu na hung'ara vizuri. Lakini miti hiyo hukua polepole mno. Mpingo wapandwao leo huenda ukamfaa mjukuu, wala si mpandaji. Magogo yalikatwa miaka mingi bila mengine kupandwa, na misitu ikapungua. Kwa hiyo mafundi wengi wamegeukia mwarobaini, mwembe na mjakaranda, ambayo hukua upesi na hupatikana mashambani.

Miti hii nayo ina masharti yake. Mwembe ukichongwa mbichi na kuanikwa juani hupasuka, na wadudu huutoboa. Fundi mwenye busara hukausha kazi yake polepole kivulini. Asiye na subira huuza kifaru ambacho kitapasuka ubavu nyumbani kwa mnunuzi, na mnunuzi huyo hatarudi tena.

Jua likifika utosini, tezo huwekwa chini na watu huenda kula. Mgeni anunuaye hapo kwa fundi mwenyewe hufanya jambo jema, kwa maana kinyago kipitacho katika mikono ya wachuuzi wengi humwachia mchongaji fedha chache. Hii ndiyo faida ya chama cha ushirika: watu huuza pamoja, na bei haivunjwi na mmoja mwenye shida.

Lakini hakuna chama kiwezacho kuuza kinyago kisichokuwa na mti. Kijana ajifunzaye tezo leo yampasa ajifunze na kupanda miche mpakani mwa shamba lake. Akiba haiozi, na kwa mchongaji, akiba iliyo bora ni ile iliyosimama na majani yake.