Katuni bubu za kale: Nunua utazame, usizike mtaji

NANSIO - Mfanyabiashara wa Ukerewe anayevusha dagaa au machungwa kwenda Mwanza huuliza kwanza: nani mwingine anayo bidhaa hii? Anayetaka kuweka fedha kwenye katuni bubu naye aanze na swali hilo.

Katuni hizo zilitengenezwa kabla sauti haijashika sinema mwishoni mwa miaka ya 1920. Leo husafishwa na kuuzwa kwa kutazamwa nyumbani. Zinazotafutwa ni pamoja na Gertie the Dinosaur ya Winsor McCay (1914), za paka Felix aliyeanza mwaka 1919, na za sungura Oswald wa Walt Disney (1927). Ipo pia The Adventures of Prince Achmed (1926) ya Mjerumani Lotte Reiniger, iliyochezwa kwa vivuli vya karatasi na kutokana na hadithi za Alfu Lela U Lela.

Mikanda ya wakati huo ilikuwa ya naitreti, ambayo hushika moto upesi na huoza yenyewe. Nyingi zimepotea, na uadimu huo ndio unaowavuta wanunuzi.

Asilia na nakala

Mwaka 2011 mkanda wa Hungry Hobos, katuni ya Oswald ya mwaka 1928 iliyodhaniwa imepotea, uliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 30,000. Mnunuzi alikuwa Disney yenyewe. Mwaka 2018 katuni nyingine ya Oswald, Neck 'n' Neck, ilitambuliwa Japani. Mwenye nayo aliinunua kwa yen 500 alipokuwa mwanafunzi.

Habari hizo zinatia tamaa, lakini zinahusu mikanda asilia. DVD ni nakala. Toleo likiisha sokoni bei yaweza kupanda, lakini mchapishaji akiona wateja wapo huchapa tena, na aliyeficha makasha kumi kabatini hubaki nayo. Isitoshe, nchini Marekani katuni za kabla ya mwaka 1929 hazina tena hakimiliki. Mtu yeyote aweza kutoa toleo safi zaidi, na la zamani likakosa mnunuzi.

Mitego ya mnunuzi

Kanda za video za Marekani ni za mfumo wa NTSC, wakati Tanzania ilitumia PAL. Deki isiyosoma mifumo yote miwili haitatoa picha sawasawa. DVD za Marekani zenye kufuli ni za kanda ya 1, na Tanzania iko kanda ya 5. Kwa Blu-ray, Marekani ni A na Tanzania ni B. Muuzaji aulizwe kabla ya kutuma fedha, kwa kuwa nauli ya kurudisha mzigo kutoka kisiwani yaweza kuzidi bei yake.

Kanda za VHS zina tatizo jingine. Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki zake, iliacha mwaka 2016. Kanda nazo hushika ukungu mahali penye unyevu, na Nansio imezungukwa na maji.

Faida iko wapi?

Anayewaza kibanda cha video ana hoja. Katuni bubu haina lugha ya kigeni ya kusikiliza, na maandishi yake machache husomeka kwa mfasiri, kazi iliyompa jina Lufufu alipoziingiza filamu za nje katika Kiswahili. Hata hivyo, maonyesho ya kiingilio yanahitaji kibali chini ya sheria ya filamu, na muziki mpya uliowekwa kwenye toleo lililosafishwa una mwenyewe hata kama picha ni huru.

Kwa mwenye mtaji mdogo hesabu ni fupi. Kasha moja kwa ajili ya familia ni matumizi, kama kiti au redio. Makasha kumi ya kungojea bei ni kamari, na fedha hiyo ikiwa ya dagaa, irudi kwenye dagaa.