Taa hafifu za gari kuukuu: glopu kali si dawa

GARI linalopakia vitunguu Mang'ola mchana na kutakiwa kuwa sokoni Arusha kabla hakujapambazuka halina njia ila kutembea usiku. Hutoka vumbini kwenye bonde la Eyasi, likapanda hadi Karatu mjini, kisha likateremka kona za mteremko wa Manyara kuelekea Mto wa Mbu.

Magari mengi yanayofanya kazi hiyo yana umri mkubwa: Land Rover 110, Land Cruiser za kizamani na Fuso zilizochoka. Taa zake huona hatua chache tu mbele. Mwenye gari, akiogopa kugonga ng'ombe, hukimbilia dukani kununua glopu kali zaidi. Hapo ndipo pesa yake inapoanza kupotea.

Mara nyingi ugonjwa hauko kwenye glopu, bali kwenye waya. Kwenye magari mengi ya zamani umeme wa taa hupita kwanza kwenye swichi ya usukani, kupitia waya mwembamba uliokwishaliwa na kutu. Ikiwa betri inatoa volti 13.5 injini ikiwaka na nyuma ya glopu zinafika 12 tu, mwanga hupungua kwa karibu theluthi moja. Fundi mwenye mita ya umeme hupima hayo kwa dakika tano, na kabla hajapima asiruhusiwe kubadili kitu.

Dawa yake ni rilei mbili, moja ya fuli na moja ya dimu, zinazochukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya mnene wenye fyuzi. Swichi hubaki na kazi ya kuamsha rilei tu. Waya wa ethi nao usuguliwe mpaka chuma king'ae, kwa sababu vumbi la Mang'ola na unyevu wa Ngorongoro huula taratibu bila dereva kujua.

Baada ya hapo ndipo taa yenyewe itazamwe. Land Rover na Land Cruiser nyingi za zamani zilikuja na taa ya duara ya inchi 7 iliyozibwa, ambayo ikiungua hutupwa nzima. Nafasi yake huchukuliwa na taa ya ukubwa uleule yenye glopu ya H4, ambayo kipimo chake ni wati 60 kwa fuli na 55 kwa dimu. Kwa Fuso ya volti 24 ni wati 75 na 70. Glopu za wati 100 zinazosifiwa madukani huyeyusha soketi na kuunguza riflekta. Zile za LED zikipachikwa kwenye taa iliyotengenezwa kwa ajili ya H4 mara nyingi hutawanya mwanga, na anayeumia ni dereva anayekuja mbele.

Mnunuzi aangalie pia taa ilitengenezwa kwa ajili ya nchi gani. Tanzania tunaendesha kushoto, kama Japani, hivyo dimu inapopigwa ukutani mwanga unapaswa kuinuka upande wa kushoto. Ukiinuka kulia, taa hiyo ni ya magari yanayoendeshwa kulia, kama ya Dubai au bara la Ulaya, hata ikiwa mpya kabisa.

Mkaguzi wa magari wa polisi, anayefanya kazi chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, hatazami tu kama taa inawaka. Taa inayopiga angani ni kasoro. Na gari la mizigo lina tatizo lake: magunia ya lumbesa yakikaa nyuma, pua huinuka na dimu hugeuka kuwa fuli.

Kwa hiyo taa zirekebishwe gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Lisimamishwe mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, na ukingo wa juu wa mwanga wa dimu uwe sentimita 10 chini ya usawa wa katikati ya taa. Skrubu za kurekebishia zipo pembeni mwa taa. Zikiwa zimeganda kwa kutu, mafuta kidogo usiku mmoja kabla husaidia.

Kwa anayefanya biashara ya usafirishaji, kukwama ukaguzini kunaweza kuchelewesha hata leseni, ambayo tangu 2019 hutolewa na LATRA iliyochukua nafasi ya SUMATRA. Gari likilala uwani siku tatu, mkopo wa gari hausubiri.

Wanaopanda Ngorongoro wana jambo moja zaidi. Lango la Lodoare hufunguliwa saa 12 asubuhi, wakati ukungu bado umeshika msitu hadi ukingoni mwa kreta. Humo fuli hurudisha mwanga machoni mwa dereva mwenyewe. Dimu iliyorekebishwa vizuri, na taa za ukungu zilizofungwa chini karibu na bampa, ndizo zinazoonyesha ukingo wa barabara.