Maji ya Champlin, Meno ya Arusha

Jumamosi moja mwezi wa Oktoba, sisi wanachama saba tulikwenda Champlin, mji ulio kando ya Mto Mississippi, kaskazini-magharibi ya Minneapolis. Tulialikwa pilau nyumbani kwa mwenzetu anayesoma jiolojia. Baada ya kula, mama yake akamuuliza swali ambalo wengi wetu tumeshalisikia kwa wazazi: "Unesi umeuacha mwanangu. Sasa hayo mawe yatakulisha?"

Mwenzetu hakujibu. Alikwenda jikoni, akajaza gilasi maji ya bomba, akatuuliza yametoka wapi. Sote tukaonyesha mtoni. Tulikosa. Minneapolis, iliyo chini ya mkondo, ndiyo inayokunywa maji ya Mississippi. Champlin, ambayo mto unapita mlangoni pake, inakunywa maji ya visima.

Akatueleza kwamba barafu nene iliwahi kulifunika eneo hili, na ilipoyeyuka, zaidi ya miaka elfu kumi iliyopita, maji yake yaliacha mchanga na changarawe. Mvua hupenya mchanga upesi ikashuka chini. Lakini mbolea, mafuta yaliyomwagika na chumvi ya barabarani navyo hupita njia hiyo hiyo. Hapa Minnesota husemwa kwamba kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha kuchafua galoni 5 za maji, na sisi kila Januari tunaimwaga mlangoni kama tunalisha kuku! Kumbe kuna watu ambao kazi yao ni kupima maji hayo yanaelekea wapi, kwa kasi gani, na kisima kichimbwe wapi. (Tulibishana sana jinsi ya kuliita tabaka la mwamba au mchanga linalohifadhi maji. Tukaishia "tabaka la maji". Walimu wetu watusahihishe.)

Hapo mama akanyamaza kidogo. Yeye alikulia chini ya Mlima Meru, na akicheka huziba mdomo kwa ncha ya kanga. Tulidhani ni haya tu. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huachia madini ya floraidi ndani ya maji. Hayana rangi wala harufu. Mtoto akiyanywa kwa wingi wakati meno yake yanaumbika, meno huota na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Yakizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa huumia. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kule Ngurdoto, karibu na Arusha, kuna kituo kinachochuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mwanajiolojia naye hutafuta mahali ambapo kisima kitatoa maji yenye floraidi kidogo tangu mwanzo.

Wanaodhani jiolojia ni dhahabu ya Geita tu wanakosa mengi. Kenya inazalisha umeme wa jotoardhi kule Olkaria tangu 1981. Na hapa hapa Chuo Kikuu cha Minnesota, ndani ya vyumba vya baridi, limehifadhiwa tope la Magadi, Baringo na Turkana, lililochimbwa 2013 na 2014 likiwa katika mabomba marefu. Wataalamu wanalisoma tabaka kwa tabaka wajue mvua na ukame wa Afrika Mashariki tangu zama za kale sana. Tope limesafiri mbali kuliko baadhi yetu.

Si njia nyepesi. Kuna hesabu na kemia, na Minnesota huwezi kujitangaza mwanajiolojia wa kitaalamu bila kufaulu mitihani ya leseni.

Mama aliinua ile gilasi, akaitazama kwenye mwanga, akanywa. Kisha akamwambia mwanawe: "Ukimaliza, uanze na kisima cha shule yetu."

Wanaotaka kwenda nasi kuliona tope la Magadi waandike majina kwa katibu. Mje na masweta.