Kung'oa Jino Hakumalizi Matibabu

Katika Kisii na Nyamira, kama kwingineko nchini, wengi humwona daktari wa meno siku ambayo jino limekwisha kuwanyima usingizi, likang'olewa, na shauri likaisha hapo. Maumivu huondoka kweli. Taya, hata hivyo, huanza kubadilika: mfupa uliolishika jino hunywea, hasa katika mwaka wa kwanza, meno ya jirani hulalia pengo, na lile la taya ya pili hurefuka kwa kukosa mwenziwe wa kugongana naye. Ndiyo maana nashikilia kwamba meno bandia ni sehemu ya matibabu, wala si pambo la wenye fedha, na kwamba anayeng'olewa jino katika hospitali ya rufaa ya Kisii au ya Nyamira aelezwe habari za meno hayo siku iyo hiyo. Si kila pengo lazima lizibwe. Shirika la Afya Duniani kwa miaka mingi limechukulia meno 20 ya asili kuwa yanatosha kutafunia. Tatizo ni kwa waliopungukiwa zaidi ya hapo.

Wapo watakaosema chakula cha huku ni laini, kwamba ugali wa wimbi na ndizi za kupika hazimshindi kibogoyo. Lakini hicho ni wanga kwa sehemu kubwa. Kinachoachwa ni mahindi na maharagwe, njugu, nyama, hata mboga ya chinsaga yenye nyuzinyuzi, na mzee hudhoofika huku sahani yake ikionekana imejaa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba meno bandia huumiza, yakaishia kabatini. Ni kweli seti kamili haifikii hata nusu ya nguvu ya meno ya asili, na ya chini hulegea kwa sababu ulimi huisukuma. Ila mara nyingi kosa ni kudhani yakishatengenezwa yametengenezwa: mfupa unaendelea kunywea, hivyo lazima yarudishwe kurekebishwa. Usiku yavuliwe, fizi zipumue, la sivyo kuvu huota chini yake. Yasuguliwe kwa brashi na sabuni, yalazwe katika maji baridi, kwani maji moto huipinda plastiki ya akriliki. Kuhusu bei, sina jibu jepesi. Ya akriliki ya kuvaa na kuvua ni nafuu kuliko jino la kupandikizwa, lakini bado ni mzigo kwa mkulima wa chai. Huo ndio mzigo ambao serikali za kaunti zinapaswa kuupunguza, kwa kuajiri mafundi wa maabara ya meno katika hospitali zao.