Mwizi Ndani ya Nyumba: Haki ya Kujihami Iandikwe Wazi

Sheria ya Kenya inamruhusu mwenye nyumba kutumia nguvu dhidi ya mtu aliyemvunjia nyumba. Hatari ikifika kiwango cha kutishia maisha, inamruhusu hata nguvu inayoweza kuua. Hata hivyo, kila wizi unapozidi katika Kisiwa cha Mombasa, au vijana wa panga wanapozua hofu mitaani, kwenye baraza za Mji wa Kale husikika kauli mbili zinazopingana. Wapo wanaosema ukimgusa mwizi, wewe ndiwe utakayefungwa. Wapo wanaosema aliyeingia kwako usiku damu yake ni halali. Kauli zote mbili ni za makosa, na zote mbili zinaua. Ya kwanza humfanya mtu mwema aiache familia yake bila ulinzi kwa kuogopa kesi, na ya pili humtoa nyumbani akiwa mlinzi wa watoto wake na kumpeleka kizimbani kwa mauaji. Mpaka wa sheria upo baina ya kauli hizo: nguvu inaruhusiwa kadiri inavyohitajika kuiondoa hatari, na hatari ikiisha, ruhusa nayo imekwisha. Mpaka huo ni wa haki. Lawama inaiangukia Kenya kwa kutouandika mahali ambapo mwananchi anaweza kuusoma.

Tuanze na kilichoandikwa. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinasema kwamba dhima ya jinai ya mtu aliyetumia nguvu kujitetea au kutetea mali itaamuliwa kwa kufuata misingi ya sheria ya mazoea ya Kiingereza, yaani ile iliyojengwa na hukumu za majaji kwa karne nyingi. Basi, hapo ndipo kinapokomea. Hakisemi kadiri ni ipi, hakitaji nyumba wala usiku, wala hakielezi mtu akikosea afanyiwe nini. Kanuni hii ilianza kutumika mwaka 1930, wakati wa ukoloni. Katiba ya zamani, katika kifungu cha 71, angalau ilitaja waziwazi kifo kilichotokana na nguvu ya kadiri iliyotumika kumtetea mtu au mali. Katiba ya 2010 haikuirudia kauli hiyo. Ibara ya 26 inasema hakuna atakayenyimwa uhai kwa makusudi isipokuwa kwa kiwango kilichoruhusiwa na Katiba yenyewe au na sheria nyingine iliyoandikwa. Katiba inadai sheria iliyoandikwa, na Kanuni ya Adhabu inatuelekeza kwenye sheria ambayo haikuandikwa Kenya wala haikutungwa na Wakenya.

Majaji wetu, hata hivyo, wameijaza nafasi hiyo kwa muda mrefu. Katika kesi ya Mokwa ya mwaka 1976, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishikilia kwamba kujihami ni utetezi kamili hata kwa shitaka la mauaji, isipokuwa pale mshtakiwa alipotumia nguvu kupita kiasi. Aliyepita kiasi akiwa anajihami kweli anaweza kupatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha. Na kiasi chenyewe hupimwa kwa hatari iliyokuwapo. Mtu anayepenya dirishani kuchukua simu na kukimbia anapoona taa imewashwa ametenda kosa la kuvunja nyumba, na ikiwa ni baina ya saa kumi na mbili unusu jioni na saa kumi na mbili unusu asubuhi, kifungu cha 304 kinampa hadi miaka 10 gerezani. Hilo ni kosa kubwa, lakini halijamhatarisha mtu roho. Walioingia wakiwa wawili na kumtishia mwenye nyumba ili wapate mali, au mmoja aliyefanya hivyo akiwa na panga, wamevuka kutoka wizi hadi unyang'anyi wa kutumia nguvu chini ya kifungu cha 296, na hapo mwenye nyumba anailinda roho yake pamoja na vyombo vyake. Kadiri hatari inavyopanda, nguvu inayoruhusiwa nayo inapanda.

Wapo watakaosema huu ni mzani wa Wazungu usiotuhusu. Hoja hiyo haisimami, hasa katika mji wenye misikiti mikongwe kama Mandhry, ambapo madhehebu ya Shafi ndiyo yaliyosomeshwa kizazi baada ya kizazi. Vitabu vya fiqhi vya madhehebu hayo, kikiwemo Minhaji ya Imamu Nawawi, vina mlango mzima juu ya kumzuia mshambulizi, na vimeweka daraja. Mshambulizi huzuiwa kwa jambo jepesi kwanza: ikiwa maneno au kuita msaada kunatosha, kumpiga hakujuzu, ikiwa mkono unatosha, fimbo haijuzu, na kumuua huja mwisho, pale ambapo hakuna njia nyingine. Mahakama za Kadhi hazisikilizi kesi za jinai, kwa kuwa Ibara ya 170 ya Katiba imezipa mambo ya ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu. Lakini anayedai kwamba dini inamhalalishia damu ya kila mwizi anayekutwa ukumbini asiitaje dini kabla hajaisoma. Mapokeo haya mawili yalikua mbalimbali, na yamefikia mahali pamoja: nguvu ni ya kuzuia, na adhabu ni kazi ya hakimu.

Mji wa Kale wenyewe unatupa sababu nyingine ya kuuheshimu mpaka huu. Nyumba zimeshikana, vichochoro ni vyembamba, na ukelele unaopigwa Mlango wa Papa hauchelewi kufika mtaa wa pili. Umbile hilo ni ulinzi, kwa kuwa mwenye nyumba wa hapa hayuko peke yake kama mkulima aliyezungukwa na ekari za shamba, na kuita majirani ni silaha ya kweli. Umbile hilohilo ni hatari pia. Watu wanapotoka kwa pamoja na marungu kumfukuza mtu gizani, anayekamatwa mwisho wa kichochoro huenda si yule aliyeingia nyumbani. Anaweza kuwa kijana anayetoka kazini, au mtoto wa jirani aliyekimbia kwa kuogopa kelele. Na hata akiwa ndiye, mara nyingi ni kijana wa mtaa huohuo aliyeharibiwa na unga wa dawa za kulevya, ambaye mamake anajulikana na kila mtu. Kumpiga mtu aliyekwisha kamatwa hadi afe ni mauaji, hata wapigaji wakiwa mia. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinampa raia uwezo wa kumkamata mhalifu anayemwona akitenda kosa, kifungu cha 35 kinamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa, na kifungu cha 21 kinakataza nguvu inayozidi ile iliyohitajika kumkamata.

Pingamizi la kwanza lina uzito: mtu aliyeamshwa usingizini, gizani, watoto wakilia, atawezaje kuipima nguvu? Jibu ni kwamba sheria haimtaki aipime kwa usahihi. Katika kesi ya Palmer iliyotoka Jamaica mwaka 1971, na ambayo mahakama zetu huirejelea, Baraza la Faragha mjini London lilikubali kwamba aliyevamiwa hawezi kukadiria barabara nguvu anayohitaji; na kwamba ikiwa alifanya kile alichokiona kwa moyo wa kweli kuwa hakina budi, huo ni ushahidi mzito wa kwamba alitenda kwa kadiri. Kifungu cha 10 cha Kanuni ya Adhabu nacho kinamlinda aliyekosea kwa imani ya kweli na yenye msingi. Tena suala la kujihami likishaibuka mahakamani, mzigo wa kulivunja ni wa upande wa mashtaka. Kwa hivyo hofu kwamba kila anayejihami atafungwa haina mizizi katika sheria. Kinachohukumiwa ni pigo linaloshuka baada ya mwizi kuangushwa, kufungwa kamba au kugeuza mgongo.

Pingamizi la pili ni la uchungu: polisi hufika wakiwa wamechelewa, na mshukiwa aliyekamatwa jana huonekana mtaani kesho akiwa ameachiliwa kwa dhamana. Malalamiko hayo ni halali na yasidharauliwe. Lakini dhamana ni haki iliyo katika Ibara ya 49, na humlinda pia mwenye nyumba siku atakapofikishwa kortini kwa kumjeruhi mvamizi. Udhaifu wa polisi ni sababu ya kudai doria, taa za vichochoroni na mashahidi wanaolindwa. Haumpi mtu mmoja cheo cha mpelelezi, hakimu na mnyongaji kwa usiku mmoja.

Pingamizi la tatu linatoka ng'ambo: mbona Waingereza wenyewe wamemwongezea mwenye nyumba uhuru? Ni kweli kwamba mwaka 2013, baada ya mjadala uliochochewa kwa miaka mingi na kesi ya Tony Martin, mkulima wa Norfolk aliyempiga risasi na kumuua mvulana wa miaka 16 aliyevunja nyumba yake mwaka 1999, Bunge la Uingereza lilimpa mwenye nyumba nafasi pana zaidi. Ila mwaka 2016 Mahakama Kuu mjini London ilifafanua kwamba hata chini ya sheria hiyo nguvu bado ni lazima iwe ya kadiri kwa hali ilivyokuwa. Na mabadiliko hayo yalikuja kwa sheria ya Bunge lao. Sisi tumefungwa kwenye mazoea yao ya kale, huku wao wamekwisha kuandika yao upya.

Mfano ulio karibu uko Tanzania. Mwaka 1980 Bunge lake liliandika haki hii ndani ya Kanuni ya Adhabu, vifungu 18A hadi 18C: haki ya kumtetea mtu na mali, sharti la kutumia nguvu ya kadiri tu, na kauli ya wazi kwamba anayesababisha kifo kwa kupita kiasi ana hatia ya kuua bila kukusudia. Kenya haijafanya hivyo, na ukimya huo una gharama. Mwaka 2005 tajiri Tom Cholmondeley wa shamba la Soysambu alimpiga risasi na kumuua Samson ole Sisina, afisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, akajitetea kwamba aliwadhania maafisa hao kuwa majambazi. Mwanasheria Mkuu aliiondoa kesi, na Wamaasai wenzake Sisina wakaandamana. Mwaka uliofuata Cholmondeley alimuua mtu mwingine, Robert Njoya, akapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia mwaka 2009, na kufungwa miezi 8 baada ya miaka 3 rumande. Mpaka usipoandikwa, mwananchi hana namna ya kujua kama tajiri na maskini wamepimwa kwa mzani mmoja.

Mbunge wa Mvita na wenzake wa Pwani wana nafasi ya kulirekebisha hili kwa mswada mfupi: kukifuta kifungu cha 17 na kuweka mahali pake vifungu vinavyosema, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ni nguvu ipi inaruhusiwa, lini inakoma, na aliyekosea kwa nia njema atapimwa vipi. Maimamu, wazee wa mitaa na kamati za usalama za Nyumba Kumi wasisubiri mswada huo kuwafunza vijana. Nawe msomaji, akiingia mwizi kwako, piga kelele, ita majirani, jihami wewe na walio wako kwa kila kinachohitajika. Akishindwa, mfunge kamba umpeleke kituo cha polisi akiwa hai.